Banská Štiavnica: fuata maji, mji utajieleza wenyewe

Mtu akifika Banská Štiavnica bila maelezo ataona mji mdogo wa milimani katikati ya Slovakia: nyumba za rangi zilizopandana kwenye miteremko, makanisa, ngome mbili, na maziwa ya kuogelea msituni. Atapiga picha, atakunywa kahawa, atageuza. Kumbe yale maziwa ni mitambo. Ngome mojawapo ni kanisa lililovuliwa paa. Chini ya nyumba zile kuna mahandaki ya karne nyingi. Mji huu uliishi kwa fedha na dhahabu, na adui aliyeusumbua kuliko Waturuki alikuwa maji ya chini ya ardhi. Ukizunguka huku ukijiuliza maji yalitoka wapi na yalikwenda wapi, utaelewa kwa nini kila kitu kimekaa pale kilipo.

Tuanze na mwamba. Mji uko ndani ya kinywa cha volkano iliyozimika zamani sana ikaporomoka, duara lenye upana wa kilomita 20 hivi. Maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa za volkano hiyo yaliacha mishipa ya fedha, dhahabu, risasi, shaba na zinki. Ila eneo lote liko juu. Mji wenyewe uko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, na mto mkubwa wa karibu, Hron, unapita mbali bondeni. Mchimbaji akishuka, nyufa zinammwagia maji kutoka kila upande. Akipanda kutafuta maji ya kuzungusha gurudumu la pampu, hana mto. Chini yamezidi, juu hayatoshi. Kila fundi mkubwa aliyepita hapa alikuwa akihangaika na sentensi hiyo.

Hati ya mwaka 1156 inaliita eneo hili, kwa Kilatini, nchi ya wachimbaji. Miaka ya 1230 ulipata haki za mji, na sheria zake za uchimbaji zikaigwa na miji mingine ya Ufalme wa Hungaria, maana Slovakia ya leo ilikuwa chini ya ufalme huo hadi 1918. Mafundi wa migodi wengi walitoka nchi za Kijerumani, ndiyo sababu kwenye maandishi ya zamani mji unaitwa Schemnitz; Wahungaria wanauita Selmecbánya. Ukiutafuta mtandaoni au maktabani tumia majina yote matatu, la sivyo sehemu kubwa ya habari zake itakupita.

Mwaka 1442 mji ulichomwa katika vita vya kugombea kiti cha ufalme, na mwaka uliofuata ukapigwa na tetemeko la ardhi. Uliinuka tena. Kisha Waturuki wakaiteka Buda, mji mkuu wa ufalme, mwaka 1541, na wenye migodi wakaingiwa na hofu. Hawakuwa na muda wala nafasi ya kujenga ngome mpya, kwa hiyo waligeuza kanisa lao kuu kuwa ngome kati ya 1546 na 1559: paa la ukumbi wa katikati likaondolewa, kuta zikaimarishwa, na mahali walipokaa waumini pakawa uwanja wa askari. Hii ndiyo Ngome ya Zamani, Starý zámok. Ukisimama leo katika uwanja wake wa ndani, uko katikati ya kanisa. Angalia kutani utaona dalili za matao. Ngome Mpya, Nový zámok, ilifuata kati ya 1564 na 1571: jengo jeupe la mraba lenye minara ya duara kwenye pembe zake nne, juu ya kilima ambacho mlinzi angeweza kuona adui akiwa bado mbali. Waturuki hawakuuteka mji kamwe.

Jambo lililobadilisha kazi yenyewe lilitokea tarehe 8 Februari 1627. Kaspar Weindl, fundi aliyetoka Tyrol, alilipua mwamba kwa baruti ndani ya handaki la Juu la Bieber. Ni tukio linalotajwa sana kuwa la kwanza lenye kumbukumbu ya maandishi la kutumia baruti migodini. Kabla ya hapo mwamba ulivunjwa kwa nyundo na patasi, na pale ulipokuwa mgumu mno waliwasha kuni mbele yake mpaka upasuke kwa joto. Moshi ulijaa, wachimbaji walitoka nje, na kazi ilisonga kwa kiasi kidogo sana kwa siku. Kwa baruti unatoboa tundu, unaijaza, unaziba mdomo, unawasha utambi, unakimbia. Lakini kuna deni lililokuja nayo. Ukichimba haraka unashuka haraka, na ukishuka unayakuta maji mengi zaidi. Baruti ilitatua shida moja ikaongeza ya pili.

Mwanzoni mwa karne ya 18 migodi ya hapa ilikuwa karibu kuzama. Pampu zilizungushwa na farasi, mamia ya farasi, na farasi wanakula wakifanya kazi na wanakula wakiwa wamepumzika. Gharama ilikaribia kuipita faida, na ndani ya serikali ya Vienna kukawa na mazungumzo ya kufunga. Mwaka 1722 hivi Mwingereza Isaac Potter alisimamisha mashine ya mvuke kwenye mji jirani wa Nová Baňa, ya mwanzo kabisa katika bara la Ulaya nje ya Uingereza. Hata Štiavnica walizijaribu mashine za aina hiyo. Zilivuta maji vizuri, ila zilikula kuni kupita kiasi, na kuni zilihitajika kwa mkaa wa tanuri za kuyeyushia na kwa nguzo za kuzuia mahandaki yasianguke. Uingereza walikuwa na makaa ya mawe. Hapa palikuwa na msitu tu, na msitu una mwisho.

Jibu likawa kuyatumia maji kuyapiga maji. Watu wa kukumbuka hapa ni Matej Kornel Hell, fundi wa pampu; mwanawe Jozef Karol Hell, ambaye kwa maoni yangu ndiye fundi hodari kuliko wote waliopita mji huu; na Samuel Mikovíni, mchora ramani na mhandisi aliyeongoza shule ya migodi iliyofunguliwa hapa mwaka 1735. (Ndugu yake Jozef, Maximilian Hell, alikuwa mwanaastronomia wa Vienna, mwaka 1769 alikwenda hadi Vardø, kaskazini mwa Norwei, kuitazama Zuhura ikipita mbele ya jua.)

Mfumo wao ulikuwa wa mabwawa, ambayo wenyeji huyaita tajchy. Yalijengwa kama 60, na 24 yapo mpaka leo. Utendaji wake ni huu. Kwa kuwa hakuna mto, maji ya mvua na theluji inayoyeyuka hukusanywa kwa mifereji iliyochimbwa kuzunguka miteremko, ikishuka kidogo kidogo mno. Ikishuka sana maji yanakula kingo. Ikilala sana majani na tope vinaziba. Mifereji hii, ya kukusanya na ya kupeleka, ilifika jumla ya zaidi ya kilomita 100. Maji huingia kwenye bwawa lililozibwa kwa tuta la udongo lenye kiini cha udongo mzito wa mfinyanzi usiopitisha maji, na upande wa maji tuta limepangwa mawe yasiruhusu mawimbi kulimega. Chini kabisa ya tuta kuna bomba la kutolea maji, zamani la mti, lenye kizibo kinachoinuliwa kutoka juu. Kwenye baadhi ya mabwawa utakiona kibanda cha mbao juu ya tuta: ndipo mlinzi alipokuwa akifungua na kufunga.

Hilo bomba ndilo sehemu ya hatari. Maji yakipata njia ya kupita pembezoni mwake, hubeba chembe za udongo, tundu linakua ndani kwa ndani bila kuonekana, na siku moja tuta linakwenda lote. Kwa hiyo mlinzi alikagua chini ya tuta, upande mkavu. Unyevu wenye maji meupe haukuwa na shida kubwa; maji yenye rangi ya udongo yalikuwa ishara ya hatari.

Baada ya kutoka bwawani maji hayakutumika mara moja tu. Yalizungusha gurudumu la kwanza, yakaingia mferejini, yakazungusha la pili chini yake, yakapiga vinu vya kuponda mawe, yakaosha mchanga wenye madini. Na mwaka 1749 Jozef Karol Hell alikamilisha mashine yake ya nguzo ya maji kwenye shimo la Leopold. Hapa ndipo watalii wengi hupotea, basi tuiseme polepole. Bomba refu la wima linajazwa maji kutoka bwawani. Uzito wa nguzo hiyo ya maji unasukuma pistoni ndani ya silinda. Pistoni inainua fimbo, fimbo inavuta pampu zilizo chini zaidi mgodini. Vali inageuka, maji yaliyomaliza kazi yanamwagwa, pistoni inarudi, mzunguko unaanza upya. Maji ya juu hayateremki mpaka sakafu ya mgodi, maana yangeongeza mzigo uleule unaotaka kuuondoa. Yanaishia kwenye handaki la mlalo lililochimbwa kutoka bondeni kuingia mlimani. Yaliyoteremka na yaliyopandishwa yanakutana hapo na kutiririka nje pamoja, bila pampu.

Ndiyo maana kadiri handaki la kutolea maji linavyokuwa chini zaidi, ndivyo pampu zinavyopunguziwa kazi. Handaki la Voznica, lenye jina la mfalme Joseph II, lilianzwa 1782 na kumalizika 1878: kilomita 16.5 hadi mto Hron, karibu miaka mia moja ya kuchimba. Lilipokamilika lilikuwa miongoni mwa mahandaki marefu zaidi duniani. Walioweka alama ya kwanza hakuna hata mmoja aliyeishi kuona maji yakitoka.

Maarifa ya namna hii hayakuweza kubaki vichwani mwa mafundi wachache. Mwaka 1762 serikali ya malkia Maria Theresa iliamua kuanzisha elimu ya juu ya migodi, na mwaka uliofuata Nikolaus Joseph Jacquin akateuliwa kufundisha kemia na uyeyushaji. Wanafunzi walifanya majaribio kwa mikono yao, jambo lisilokuwa la kawaida enzi hizo. Mwaka 1794 Wafaransa walipokuwa wakipanga chuo chao cha ufundi huko Paris, mwanakemia Fourcroy alitaja Schemnitz kuwa mfano wa kufuata. Christian Doppler, yule ambaye jina lake liko kwenye vipimo vya moyo na rada za leo, alifundisha hapa kuanzia 1847. Na mwaka 1786, katika Sklené Teplice iliyo jirani, Ignaz von Born aliwaonyesha wataalamu wa Ulaya namna ya kukamata fedha kwa zebaki kwenye mapipa ya shaba yanayopashwa moto. Wachimbaji wadogo wa Geita na Migori wanaijua zebaki hiyohiyo, na madhara yake ni yaleyale. Akademia ilihamia Sopron, Hungaria, mwaka 1919, na mji haujapata tena kitu cha uzito ule.

Mtu wa pwani atauliza kuhusu Maria Theresa, maana riale yenye sura yake ilizunguka sana Unguja, Omani na Ghuba katika karne ya 19. Fedha ya Štiavnica ilipelekwa kufuliwa Kremnica, ng'ambo ya mto Hron, kwenye kiwanda cha sarafu kilichoanza 1328 na ambacho bado kinafanya kazi. Ila usiruke kusema kwamba riale za Unguja zilitoka huko: zile zenye mwaka 1780 ziliendelea kufuliwa kwa tarehe hiyohiyo muda mrefu baada ya kifo cha malkia, katika viwanda vya sehemu mbalimbali. Kinachotoka Kremnica kwa hakika ni sarafu za euro zenye alama za Slovakia utakazorudishiwa chenji.

Sasa namna ya kuzunguka. Mji wote ni mwinuko, kwa hiyo panga kuteremka. Anza juu, Ngome Mpya, ambapo pana maonyesho ya vita dhidi ya Waturuki na unaona mji wote. Karibu yake kuna Lango la Piarg la mwaka 1554, lililobaki katika malango ya mji. Teremka kwa barabara ya Sládkovičova hadi Klopačka, mnara wa 1681. Humo ubao wa mti ulipigwa kwa nyundo alfajiri kuwaamsha wachimbaji, na pia palipotokea moto au msiba. Ukiendelea chini unafika ukumbi wa mji. Tazama saa ya mnara wake kwa makini kabla ya kulaumu simu yako: mshale mrefu unaonyesha saa, mfupi dakika. Mkabala ni kanisa la Mtakatifu Katarina, la Kigothi cha mwisho, lililojengwa 1488 hadi 1491, ambamo baadaye mahubiri yalitolewa kwa Kislovakia wakati kwingine yalikuwa ya Kijerumani. Kutoka hapo panda kidogo hadi Ngome ya Zamani, kisha shuka Uwanja wa Utatu Mtakatifu wenye nguzo kubwa iliyochongwa na Dionýz Stanetti na kumalizika 1764, shukrani kwa kunusurika na tauni. Moto wa Machi 2023 uliunguza majengo kadhaa ya kihistoria katikati ya mji, hivyo usishangae ukikuta jukwaa za mafundi. Matembezi haya yanataka nusu siku ukiingia ngome zote mbili.

Nusu ya pili ipeleke mgodini. Makumbusho ya wazi ya migodi yako kama kilomita 2 kutoka katikati, barabara ya kwenda Štiavnické Bane, na unashuka chini kupitia shimo la Bartolomej. Unapewa kofia ngumu, koti na taa. Ziara inachukua karibu saa moja na nusu na inakwenda na kiongozi kwa saa zilizopangwa. Makosa ya wageni ni matatu. Wanakuja Jumatatu nje ya msimu na kukuta pamefungwa. Wanakuja na ndala au viatu vyeupe, na chini kuna tope. Wanakuja Julai na fulana tu, kumbe chini joto ni nyuzi 10 hivi mwaka mzima. Maelezo kwa kawaida ni ya Kislovakia, hivyo ukitaka lugha nyingine uliza mapema. Mwenye kuogopa nafasi finyu abaki kwenye mitambo iliyopangwa juu ya ardhi, ambayo peke yake inatosha.

Kalvária ipe saa mbili. Ni kilima cha mwamba wa volkano upande wa pili wa mji, chenye makanisa matatu na vijumba vya ibada vilivyopandana hadi kileleni, vilivyojengwa na Wajesuiti kati ya 1744 na 1751. Picha nzuri ya mji hupatikana huko asubuhi au jioni. Adhuhuri mwanga unaua rangi.

Kwa mabwawa, Klinger ni rahisi kufika kwa miguu na watu huogelea. Počúvadlo liko mbali zaidi, ni kubwa, na kutoka hapo njia inapanda mlima Sitno, mita 1009, mrefu kuliko yote ya eneo hili. Rozgrund, la 1743 na 1744, nenda uone tuta lake la kama mita 30 lenye mteremko mkali ambao wahandisi wa zama hizo waliuona wa kuthubutu. Kuogelea marufuku, ni maji ya kunywa. Kumbuka kwamba haya ni maji ya kina yasiyo na ufuko: hatua mbili kutoka ukingoni huna pa kukanyaga, na chini ni baridi hata Agosti. Mtoto asiyejua kuogelea asiachwe.

Kufika: kutoka Bratislava kwa basi au gari ni karibu saa tatu. Mabasi ya moja kwa moja ni machache, mengine unabadili Zvolen au Žiar nad Hronom. Ratiba zote ziko cp.sk. Reli ya tawi, iliyojengwa na vijana wa kujitolea na kufunguliwa 1949, inatoka Hronská Dúbrava ikipinda milimani. Inapendeza, lakini kituo kiko chini ya mji, na kutoka hapo ni kupanda na mzigo wako. Sanduku la magurudumu halifai kwenye mawe ya barabara hizi. Beba begi la mgongoni.

Kwa wasafiri wa Afrika Mashariki, viza ni ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Slovakia ina ubalozi Nairobi. Maombi hupelekwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, kwa hiyo ukishukia Vienna na kukaa Austria wiki nzima kisha Slovakia siku mbili, hilo ni ombi la Austria. Bima ya afya ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na uombe mapema kuliko zile siku 15 za kisheria.

Mlo wa huko ni halušky, vidonge vya unga na viazi vilivyochanganywa na bryndza, jibini laini la kondoo lenye chumvi. Unamwagiwa juu nyama ya nguruwe iliyokaangwa pamoja na mafuta yake. Asiyekula aseme »bez slaniny« wakati wa kuagiza, na aulize pia kilichokaangiwa, maana kutoa vipande sahani ikishafika hakusaidii. Mafuta yamekwisha kuingia. Na ukitaka kwenda Septemba wakati wa Salamander, maandamano ya usiku ya wachimbaji na desturi za wanafunzi wa akademia ya zamani, tafuta chumba miezi kadhaa kabla. Mji una wakazi elfu kumi hivi, na usiku huo vitanda havitoshi.